Bomba linavuja, viti vinakwaruza: anza ufundi wa nyumbani na kipande cha felti

Bomba la jikoni kwangu lilivuja miezi minne. Tone, tone, tone, mchana huwezi kulisikia ila usiku nyumba ikitulia unalisikia mpaka chumbani. Fundi nilimpigia mara mbili, mara ya kwanza hakutokea, mara ya pili akaja akaangalia akasema bomba zima libadilishwe, akataja hela yake na hela ya bomba, nikamwambia ntakutafuta. Usiku ule nikaweka ndoo ndogo ya lita 5 chini ya bomba saa nne, kuamka saa kumi na mbili asubuhi imefika nusu. Piga hesabu sasa, lita 2 na nusu kwa masaa 8 ni lita 7 na nusu kwa siku, kwa mwezi ni kama ndoo kubwa 11 za lita 20. Na huku mtaani kwetu kuna wiki maji hayatoki kabisa tunanunua kwa dumu! Iliniuma sana. Kilichokuwa kimekufa ni kiraba cha ndani, washa, mimi nilinunua kwa shilingi 500.

Sasa wiki ileile jirani wa chini akaja kwa heshima tu, mama mtu mzima, akaniambia mwanangu viti vyenu vikivutwa usiku huku chini mtoto anashtuka. Ndo nikaingia kwenye felti, kitambaa kizito cha kuvalisha miguu ya viti isikwaruze. Kwahiyo mimi ufundi wa bomba na ushonaji wa felti nimejifunza pamoja, na nikikuelekeza leo nakuelekeza hivyohivyo, kwa sababu mkono ni mmoja: kupima, kuweka alama, kukata, kukaza bila kuharibu. Tofauti ni kwamba ukikosea felti umepoteza kipande cha kitambaa, ukikosea bomba umelowesha jiko zima. Anza na felti.

Felti ni ile kitambaa nzito isiyo na nyuzi za kuonekana, wanayotengenezea herufi za darasa la chekechea na mapambo ya watoto. Haifumwi. Ile ya asili ni sufu ya kondoo iliyoloweshwa maji moto na sabuni ikasuguliwa na kukandamizwa mpaka vinyweleo vikashikana, maana unyweleo wa sufu una magamba madogomadogo ambayo yakishaingiana hayaachii. Watu wa Asia ya Kati, Wamongolia na Wakirgizi, wamefunika nyumba zao kwa felti tangu zamani mno, na kwenye makaburi ya Pazyryk kule milima ya Altai yamekutwa mazulia ya felti yaliyogandishwa kwenye barafu yana zaidi ya miaka 2,000 na rangi bado zinaonekana. Hiyo ya kwetu madukani nyingi ni ya plastiki, poliesta, na hapa uwe makini, pasi ikiwa ya moto sana inayeyuka na kuganda kwenye pasi. Weka kitambaa cha pamba juu na pasi iwe ya moto mdogo.

Uzuri wake kwa anayeanza ni kwamba haichanuki. Ukiikata ukingo unabaki palepale, huhitaji kupiga pindo, huhitaji cherehani. Mkasi mkali, sindano yenye tundu kubwa, uzi wa kudarizi, chaki na rula, basi. Mkasi huo usiutumie kukatia karatasi wala viroba, ukishakuwa butu unatafuna felti badala ya kuikata na ukingo unatoka na manyoya.

Kazi ya kwanza, soksi za viti. Wengi wananunua vile viduara vya kubandika chini ya mguu wa kiti, mimi navyo nilianza, lakini sakafu ya marumaru tunapiga deki kila siku na maji yakiingia gundi inaachia, baada ya wiki 2 unaviokota chini ya kochi. Bora kushona. Chukua uzi zungusha kwenye mguu wa kiti, weka alama pale ncha zinapokutana, ulaze kwenye rula usome. Mguu wangu ulikuwa na upana wa sentimita 3 na mzunguko ulitoka kama 9.4. Utepe wa felti nikakata 9, yaani mfupi kidogo kuliko mzunguko, maana felti inavutika na ndo inavyobana mguu isivuke. Kimo sentimita 4 kinatosha. Halafu kata viduara 2 vya upana sawa na mguu, uviweke pamoja viwe kitako, kimoja hakidumu.

Mshono, wa kuunga ncha za utepe na kushonea kitako, ni ule wa blanketi, ule unaouona kwenye kingo za mablanketi ya zamani. Chomeka sindano toka mbele kwenda nyuma, milimita 4 au 5 kutoka ukingoni, na kabla hujaukaza uzi pitisha sindano ndani ya kile kitanzi kilichobaki, kisha vuta taratibu mpaka uzi ulale juu ya ukingo. Usivute kwa nguvu, ukivuta sana felti inajikunja kama sikio. Hatua inayofuata nayo milimita 5, na inayofuata, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa maana za mwanzo zinatoka moja ndefu moja fupi. Weka vidoti vya chaki kabla ya kushona. Mimi mguu wa kwanza nilitumia karibu saa nzima, kufika mguu wa kumi na sita ilikuwa dakika 15. Uzi wa kudarizi huwa una nyuzi 6 ndani yake, kwa felti nyembamba tenganisha utumie 3, kwa felti nene ya milimita 3 tumia zote. Na kila wiki geuza viti ukung'ute soksi, felti inashika mchanga na mchanga ukikaa pale unakwaruza sakafu kuliko mguu wenyewe.

Kazi ya pili ni mfuko wa kukunja wa vifaa, ule ambao spana na bisibisi kila moja ina nyumba yake. Felti nene, sentimita 40 kwa 30, upana ndo hizo 40. Chini kunja juu sentimita 12, hapo ndo mifuko. Acha sentimita 1 kila upande kisha gawa kwa chaki: 5, 5, 6, 6, 8, 8. Ukijumlisha unapata 38, na zile 2 za pembeni ni 40. Kila mstari wa chaki piga mshono wa kurudi nyuma, yaani unaenda mbele hatua moja unarudi nusu, huo ndo unaohimili uzito. Pembeni mshono wa blanketi. Shonea pia kamba katikati ya upande mmoja ili ukishaukunja uufunge. Kabla hujakata vilaze vifaa vyako juu ya felti uone vinaingia, usikate kwa kipimo changu kama spana yako ni kubwa kuliko yangu.

Ndani ya mfuko weka vichache: spana malaya (ile ya kubadilisha upana wa mdomo) moja ya wastani, praizi, bisibisi bapa na ya nyota, tesa ya umeme, futi ya chuma, msasa namba 80 na namba 120, na roli moja ya tepu nyeupe ya mabomba. Nyundo inakaa nje. Nunua praizi na spana nzuri hata kama utasubiri mwezi ujao, zile za bei chee meno yake yanateleza na zikiteleza zinakula kona za nati, na nati ikishakuwa duara hata fundi mzoefu inamsumbua.

Haya, bomba. Kwanza jua linavuja wapi. Linadondoka kwenye mdomo wakati umelifunga, hiyo ni washa. Maji yanachuruzika pale juu chini ya mkono ukilifungua, hiyo ni ringi ya mpira au uzi uliozungushiwa kwenye kijiti cha ndani. Yanatoka pale bomba linapoingia ukutani, hiyo ni tepu. Halafu kuna mabomba ya kisasa ambayo mkono unageuka robo tu, hayo hayana washa, ndani kuna visahani vya kauri, hayo unabadilisha kichwa chote cha ndani.

Kwa bomba la kuzungusha, la kawaida la nusu inchi, fanya hivi. Funga koki kubwa, iwe ya kwenye tenki au ile ya karibu na mita, na kama unakaa nyumba ya kupanga waambie wenzako mapema, sio unawafungia mtu ana sabuni kichwani. Fungua bomba unalotengeneza maji yote yaishe. ZIBA TUNDU LA SINKI KWA KITAMBAA, hii usiiruke, skrubu ya mkono wa bomba ni ndogo na ikiingia kwenye tundu imeenda. Bandua kile kifuniko chenye alama nyekundu au bluu kwa ncha ya kisu, chini yake kuna skrubu, ifungue, vua mkono. Sasa unaona nati kubwa. Ifunge kitambaa kuepusha mikwaruzo, bana na spana, mkono mwingine ushike mwili wa bomba uzuie lisigeuke, kisha zungusha kinyume cha saa. Mimi mara ya kwanza sikulishika, bomba zima likageuka na bomba la ndani ya ukuta, nikasikia kitu kimelia ndani ya plasta na moyo ukanienda mbio, bahati haikukatika. Shika bomba.

Ukikitoa kichwa, mwishoni kuna kile kiraba cheusi. Cha kwangu kilikuwa kimechimbika katikati mduara kabisa kama muhuri, na upande mmoja kimepasuka. Kipeleke dukani vilevile kilivyo, usiseme tu "nipe washa", kuna za aina nyingi na muuzaji hawezi kukisia. Ukiwa bado hujarudisha, ingiza kidole ndani ya bomba upapase pale kiraba kinapokaa, panatakiwa pawe laini. Kama pana magamba magumu ya chokaa, huku kwetu maji ya kisima yana chumvi nyingi hiyo ipo sana, pasugue na msasa laini uliouzungushia kwenye penseli, taratibu, suuza. Rudisha kila kitu kwa mpangilio uliotolea, na kabla ya kuanza piga picha na simu kila hatua, ndo itakayokukumbusha. Kaza mpaka ishike halafu robo moja tu, basi. Washa mpya ukiikandamiza kwa nguvu zote unaiua mapema.

Kama tatizo ni tepu, fungua, safisha yale meno ya kuzungushia ya bomba yawe makavu, kisha zungusha tepu kufuata saa ukiwa umetazama ncha ya bomba, mizunguko 6 au 7 umeivuta ikaze. Ukizungusha kinyume inajifungua yenyewe wakati unakaza na maji yatatoka tena.

Mlango unaoburuza nao unaweza. Ufungue uushike ukingo uunyanyue, ukicheza basi shida ni bawaba. Skrubu zake zimelegea na tundu la mbao limepanuka. Toa skrubu, chomeka njiti 2 au 3 za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao ndani ya tundu, kata sawa na ubao, acha ikauke mpaka kesho, rudisha skrubu. Kama bawaba ziko sawa na mlango unabana, angalia ni mwezi gani! Wakati wa masika mbao inakunywa unyevu inavimba, na ukiipiga randa mwezi wa nne ikafunga vizuri, kiangazi utabaki na mwanya mbu wanapita. Paka chaki ukingoni, funga fungua, uone panapogusa, piga msasa hapo tu kwa kiasi.

Nyufa za ukuta ndogo za unywele jaza puti, chimba kidogo kwanza ili ishike, futa vumbi, lowesha, jaza, ikikauka msasa 120. Ila ufa unaopanda ngazi kufuata matofali, au unaoingiza sarafu, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Mwezi ujao ukikuta umevuka alama mwambie mwenye nyumba, huo haujazwi na puti.

Umeme mimi naishia kwenye plagi. Ndani ya plagi ya miguu mitatu, waya wa kahawia unaenda kwenye fyuzi, bluu upande wa pili, kijani na njano mguu mrefu wa juu, na fyuzi ya taa ya mezani ni ampia 3, ya pasi na birika 13. Ukiingia kwenye soketi za ukutani na kule kwenye main swichi ita fundi mwenye leseni, na simaanishi kijana wa jirani anayejuajua. Hiyo sitaki mtu ajaribu kwa sababu amesoma hapa.

Na ile washa ya zamani usiitupe. Mimi nimeishonea kimfuko kidogo cha felti upande wa ndani wa mfuko wa vifaa, imo na ringi moja ya mpira na skrubu ya bawaba, nikienda dukani nazitoa naziweka mezani muuzaji ananipa za saizi hiyohiyo bila maswali.