Kushusha na kupandisha giaboksi ya otomatiki

Anza na betri: chomoa waya wa hasi. Weka gari juu ya stendi imara, si jeki peke yake, mwaga oili, kisha chomoa shafti zote mbili za magurudumu ya mbele. Injini ifunge kwa juu na mnyororo kabla hujagusa mauntini (vishikio vinavyoibeba injini na giaboksi). Giaboksi ikitoka, injini haina pa kuegemea.

Boliti za “toka konveta” (torque converter, kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) hufikiwa kupitia tundu dogo, mara nyingi pale stata ilipokaa. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana, fungua moja moja.

Hapa kwenye kurudisha ndipo nilipoumia mimi. Mara ya kwanza konveta haikuzama yote ndani ya giaboksi, nami nikaivuta giaboksi kwa kukaza boliti. Pampu ya oili ikapasuka, kazi ya siku mbili ikaanza upya. Siku hizi naisukuma konveta huku naizungusha, naisikia ikizama hatua kwa hatua. Giaboksi lazima ikutane na injini kwa mkono tu. Ikibaki nafasi hata ya kidole, ishushe.

Safisha pia mabomba ya kupoza oili. Yamebeba unga wa chuma wa giaboksi ya zamani. Oili ni ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, basi.