Dima ya taa za nje: soma adapta kwanza ndo uende dukani

Hili kosa nimelifanya mwenyewe kwaiyo nalisema bila aibu. Nilifunga taa za stripu (zile LED za utepe) kuzunguka kibaraza na njia ya bustani, zile za volti 12, adapta nikaificha juu ya dari. Zilivyowaka, mwanga mkali utadhani sheli. Nikachukua dima, yaani kifaa cha kupunguza mwanga, ya kuzungusha ya ukutani, ile ya balbu za kawaida za sebuleni, nikaifunga kabla ya adapta. Usiku wa kwanza inavuma kama nzi kwenye chupa, taa zinachezacheza, ukipunguza kidogo zinazima zote. Wiki haijaisha adapta kwisha habari yake.

Sababu ni hii: dima ya ukutani inakatakata ule umeme wa volti 230, na adapta kazi yake ni kutoa volti 12 zilezile hata kama wewe unaibania huko mwanzo, kwaiyo mwanga haupungui ila adapta inahangaika mpaka inachoka. Dima ya taa hizi inakaa BAADA ya adapta, katikati ya adapta na taa, upande wa volti ndogo. Labda adapta yako iwe imeandikwa kabisa kwamba inakubali dima, au unatumia ile transfoma nzito ya koili ya taa za 12V AC (umeme wa kupishana kama wa ukutani), hiyo ina dima zake maalumu.

Sasa kabla hujaenda Kariakoo geuza adapta usome. Ukikuta 12V DC au 24V DC (DC ni umeme wa upande mmoja kama wa betri) basi umepona, unatafuta dima ya PWM, ile inayowasha na kuzima harakaharaka, ya volti hizohizo, nyingi zinakubali 12 mpaka 24. Ukikuta imeandikwa mA (miliampia), mfano 300mA au 700mA, na volti zake zinaanzia hapa mpaka pale, kama 24-36V, hapo acha dima ya stripu kabisa, hiyo ni draiva ya kusukuma ampia zisizobadilika, inatakiwa draiva yenye nyaya zake za kudimia, mara nyingi utaona 0-10V au 1-10V, yaani volti ndogo za kuiamuru mwanga. Na zile fladilaiti (taa kubwa za kumulika uwanja) za ukutani zinazokula 230 moja kwa moja, nyingi hazidimiki, usipoteze hela, nunua za wati ndogo au zigawe kwenye swichi mbili, jioni unawasha upande mmoja tu.

Hesabu ya ampia ndo watu wengi wanaruka. Chukua wati zote gawa kwa volti. Stripu ya wati 14.4 kwa mita, ukiwa na mita 5 ni wati 72, kwa volti 12 hiyo ni ampia 6. Muuzaji atakupa dima ya ampia 6 anasema inatosha bosi, mwambie akupe ya 10, maana hizi za bei rahisi namba zake zina maneno mengi, na ukishaifungia kwenye boksi lisilopitisha hewa halafu bati juu linachemka, joto linaimaliza. Weka na fyuzi kwenye waya wa chanya, hela ndogo sana.

Alafu umbali, hapa bustani inaumbua kweli. Kutoka kwenye dima mpaka taa ni mita 20 kwa waya wa 1.5mm, zikipita hizo ampia 6 unapoteza kama volti 2.8 njiani, yaani taa inapata volti 9 na kitu, utaona imefifia na utalaumu dima ya watu. Taa hizohizo zikiwa za volti 24 zinavuta ampia 3, unapoteza 1.4 tu kati ya 24. Kwaiyo kama hujanunua bado na bustani ni ndefu, chukua mfumo wa 24 usibishane.

PWM inavyofanya kazi, inawasha na kuzima taa mara nyingi sana kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Kama hapo nje mnafanyia kitchen party na watu wanarekodi, mwambie muuzaji awashe dukani, punguza mpaka nusu, elekeza simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye video, rudisha, omba yenye hertzi kubwa zaidi, yaani inayowasha na kuzima mara nyingi zaidi kwa sekunde.

Rimoti za infraredi kwa nje ni usumbufu, lazima uielekeze usawa wa kijicho chake na boksi ukishalifunga haioni kitu. Chukua ya redio, inapita ukuta. Ya wayafai ni nzuri kama mtandao unafika hadi getini, vinginevyo utakua unatembea na simu mkononi kama unatafuta dhahabu.

Kuhusu mvua, taa iwe IP65 (IP ni namba ya kinga ya vumbi na maji) kwa ukutani, na IP67 kwa sehemu maji yanatuama. Dima yenyewe nyingi hazina kinga yoyote, iweke chini ya paa ndani ya boksi, nyaya ziingilie kwa chini ili maji yasifuate waya mpaka ndani. Mkikaa karibu na bahari, Kigamboni huko, jointi piga solda na uzifunike vizuri, chumvi inakula shaba mpaka inakuwa kijani kabisa.

La mwisho, jaribu dukani kuchomoa umeme na kuchomeka tena wakati dima iko kwenye robo. Kuna zinazokumbuka, kuna zinazorudi na mwanga wote, kuna zinazobaki zimezima mpaka ubonyeze rimoti. Ya kwangu ya sasa inarudi na mwanga wote, umeme ukirudi saa nane usiku bustani nzima inawaka kama mchana, na msimu wa mvua kumbikumbi wa mtaa mzima wanahamia kwangu.