Jinsi ya Kutunga Kipande cha Bendi ya Ala za Kupuliza chenye Kengele

Kabla ya kuandika nota hata moja ya kengele, amua ni wapi bendi itanyamaza. Mlio wa kengele huanza kwa kishindo kisha hufifia polepole, na uzuri wake wote umo katika kule kufifia. Tarumbeta na tromboni zikiendelea kupulizwa kwa nguvu, msikilizaji ataambulia kishindo peke yake.

Chagua pia aina ya kengele mapema. Glokenspili, yaani ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti, husikika oktava mbili (oktava moja ni umbali wa nota nane) juu ya nota zilizoandikwa, na kengele za mkononi oktava moja, kwa hiyo yazingatie hayo unapopanga sauti za filimbi na klarineti. Vifungu vya haraka ipe glokenspili. Kengele za mirija, ambazo seti yake ya kawaida huwa na mirija 18 inayoenea oktava moja na nusu hivi, zinafaa zaidi kwa wimbo wa taratibu, kwa kuwa nota zikifuatana upesi milio hupandana na kuvurugika. Andika wazi ni nota ipi iachwe ivume na ipi ikatwe, ukikumbuka kwamba kanyagio la kengele za mirija huzima mirija yote kwa pamoja. Ukitaka mmoja unyamaze na mingine iendelee, mpigaji atauzima kwa mkono, naye anahitaji muda wa kufanya hivyo.

Kengele za kusubu, yaani zile za umbo la kengele ya kanisa, zinadai uangalifu zaidi. Ndani ya mlio wake mna sauti ya tatu ndogo (nota iliyo nusu-toni tatu juu ya nota kuu) inayosikika waziwazi, hivi kwamba kengele ya C hubeba pia E-flati. Honi zikishikilia akordi ya C meja, E yao itakwaruzana na E-flati hiyo. Wako watunzi wanaoupenda mkwaruzo huo na kuutumia kwa makusudi. Usipoutaka, tumia akordi ya C maina, au waachie wapulizaji C na G tu.

Mbinu ninayoithamini kuliko zote ni hii: bendi nzima ipige akordi kwa nguvu pamoja na kengele katika pigo la kwanza, kisha wote wakate katika pigo la pili isipokuwa klarineti moja, inayobaki na nota ileile ya kengele kwa sauti ndogo mno. Kadiri mlio unavyofifia, klarineti hujitokeza pasipo mtu kutambua ilianza lini.

Ukitaka kengele isikike kwa mbali, nje ya jukwaa, hesabu mwendo wa sauti, ambao ni takriban mita 340 kwa sekunde. Umbali wa mita 34 huchelewesha mlio kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, jambo ambalo katika mwendo wa haraka husikika kama kosa. Mwelekeze mpigaji atangulie kidogo, kisha mazoezini keti nyuma kabisa ya ukumbi uhakikishe kwamba mlio unakufikia sambamba na bendi.