Ukitaka kula Dar, angalia saa kwanza

Kila mgeni akishuka Dar swali lake la kwanza ni nikale wapi, na mimi kila siku jibu langu ni lile lile, niambie kwanza sasa hivi saa ngapi. Maana chakula cha jiji hili kinahama na jua. Pale ambapo asubuhi supu inafuka moshi ukirudi mchana unakuta benchi zimepinduliwa na mtu anafagia, afu kona ambayo mchana kutwa haina kitu ikifika magharibi hupiti kwa moshi wa mishkaki. Kwahiyo nimepanga kwa saa, we fuata kadiri tumbo litakavyoruhusu.

Anza Feri, soko la samaki, saa 12 na nusu asubuhi uwe umeshafika. Panda basi la mwendokasi linaloenda Kivukoni, shuka kituo cha mwisho, kutoka hapo pua itakupeleka yenyewe. Vaa viatu ambavyo hutavionea huruma maana chini ni maji ya samaki tu. Usinunue kwenye meza ya kwanza, zunguka kwanza soko zima, angalia mnada unavyokwenda, sikiliza bei watu wanazotajiana ndo urudi kwa uliyempenda. Samaki mwangalie macho, yawe angavu yamejaa, sio yamezama na yana ukungu. Afu fungua mashavu mwenyewe kwa kidole, ndani pawe pekundu pamekolea, ukikuta rangi ya kahawia weka chini taratibu na uendelee na safari. Mimi niliwahi kubeba samaki aina ya changu watatu kwa kuamini maneno ya muuzaji bila kufungua mashavu, nilivyofika nyumbani nikawatupa wote, iliniuma sana. Tangu siku hiyo siogopi kuonekana msumbufu.

Na mwezi nao uuangalie, hili watu wa bara wengi hawalijui. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, sasa mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa haiwavuti, kwahiyo siku hizo dagaa wanaadimika na bei inapanda. Ukiona dagaa ghali usigombane na mama wa watu, tazama juu usiku utaelewa. Kipindi cha kusi, yaani upepo unaovuma kutoka kusini, pia bahari inachafuka, vyombo vidogo vinatoka kwa shida.

Ukishanunua kuna vijana wa kupara magamba, unampa hela kidogo anakusafishia hapo hapo, afu unaenda upande wa wakaangaji wenye makarai makubwa wanakukaangia samaki wako. Mle kwa mikono na ndimu na chumvi tu. Kwakweli hakuna hoteli ya jiji hili imewahi kunipa samaki mtamu kuzidi yule wa Feri wa saa 2 asubuhi.

Kama samaki sio mambo yako basi asubuhi hiyo hiyo nenda Vingunguti machinjioni, ukifika Buguruni chukua bajaji. Pale supu inakuwa ya nyama ya siku hiyo, unakula na chapati au ndizi, unakamulia ndimu, pilipili unaweka mwenyewe kwa heshima yake. Wahi, supu haingoji mtu. Ila usijaribu Feri na Vingunguti siku moja, utazidiwa mapema na siku ndo kwanza inaanza.

Saa 4 hivi sogea Kariakoo, sio kula sana, kutembea ili njaa irudi. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia, midomo ya Waswahili ikaligeuza likawa Kariakoo. Soko kuu lenye yale mapaa kama maua yaliyofunguka alilibuni Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021 na baadae likajengwa upya. Simama pale uliangalie vizuri, wengi wetu tunapita kila siku tumeinamisha kichwa tunakimbizana na mizigo. Ukisikia kiu kunywa juisi ya miwa, mwambie asage pamoja na tangawizi na ndimu, na simama uone miwa ikiingia mashineni, usichukue iliyokwishakaa kwenye jagi.

Mchana ni wa mama ntilie na hapa ndo wageni wengi wanakosea, wanaenda saa 8 wanakuta maharage na majuto. Uwe umekaa saa 6 na nusu. Unamjuaje mzuri? Usiangalie bango, angalia nani anakula. Ukiona madereva wa daladala, mafundi na makuli wamebanana kwenye benchi moja na wanakula kimya, kaa, maana hawa hela yao wanaitolea jasho hawana muda wa chakula kibaya. Msalimie kwanza, shikamoo mama, afu uliza leo kuna mboga gani, usiulize kuna nini kizuri maana atakwambia vyote. Kukiwa na kisamvu cha nazi chukua hicho, kisamvu kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwahiyo aliyekipika ameamka mapema kwa ajili yako. Na ukimwomba mchuzi wa kuongezea kwa adabu hakunyimi.

Alasiri kama ni Jumamosi au Jumapili nenda Coco Beach. Kitu cha pale ni mihogo ya kukaanga, inapasuliwa katikati inapakwa pilipili, pembeni kachumbari. Chagua inayotoka kwenye karai muda huo, muhogo uliopoa unakuwa mgumu na haufai. Dafu baada ya hapo, afu mwambie akupasulie ule na nyama yake.

Jua likizama tafuta meza ya pweza. Ziko nyingi, Magomeni, Kinondoni, Kariakoo kwenyewe, unakuta kijana ana sufuria na kisu kikali anakata vipande vidogo unachoma na kijiti, supu yake unapewa kwenye kikombe. Kula kipande kimoja kwanza, kikiwa laini endelea, kikivutana kama raba lipa uondoke. Afu malizia mjini upande wa Kisutu, kona ya Morogoro na Libya kuna Mamboz, kuku wa mkaa wa pale ana watu wake kutoka kila pembe ya mji, meza ziko nje na foleni ni ndefu lakini inasogea.

Bado usiende kulala. Tafuta kijiwe cha kahawa, wazee wamekaa wanabishana mpira na siasa, kaa pembeni salimia, nunua kashata kabla hujapewa kikombe maana kahawa ile ni chungu na inataka kitu cha kuitafunia. Ukikosa kijiwe simama tu barabarani usikilize vikombe vinavyogonganishwa, muuzaji anapita na birika lake la moto, mpungie mkono atakuja.