Kupika Sombe Mbichi Nyumbani, Kuanzia Kinu hadi Mbabula

Mtu akisifiwa sombe yake, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mara nyingi hutaja mawese na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ingawa vitu hivyo viwili huingia chunguni mwishoni kabisa. Sombe huharibika mapema zaidi ya hapo: sokoni majani yanapochaguliwa, kwenye kinu, na katika saa ya kwanza ya kuchemka. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua hizo, na viungo nitavipitia upesi, maana kila nyumba ina mazoea yake, na sioni faida ya kugombana na mtu juu ya kitunguu.

Ukienda soko la Kadutu au la Nyawera, nenda asubuhi, kwa kuwa majani ya muhogo hunyauka siku hiyohiyo na yakishalala hupoteza harufu. Chagua majani ya juu ya shina, manne au matano ya kwanza, ambayo bado ni laini. Njia rahisi ya kuyajua ni kuyafumba mkononi: jani changa hukunjika kama kitambaa na kubaki limekunjika, lakini jani lililokomaa hulia kama karatasi na kurudi lilivyokuwa. Fungu lenye majani yenye madoa ya manjano na yaliyojikunja limetoka kwenye mihogo yenye ugonjwa wa mozaiki, ambao husababishwa na virusi na kuenezwa na nzi weupe. Ugonjwa huo haumdhuru mlaji, ila majani yake ni madogo na magumu, na fungu linaloonekana kubwa sokoni litakupa sombe kidogo nyumbani.

Kwa watu sita, tafuta kiasi cha kilo 1 ya majani yaliyokwisha kutolewa vikonyo. Kazi ya kutoa vikonyo huonekana ya watoto na kwa kweli hupewa watoto, lakini ndiyo inayoamua kama sombe itakuwa laini au itakaa na nyuzi katikati ya meno. Kikonyo cha jani la muhogo hakiivi hata ukikipikia mchana kutwa. Osha majani katika beseni mara tatu, ukiyainua na kuyahamisha badala ya kumwaga maji juu yake, ili mchanga ubaki chini. Wakati wa mvua ongeza mara ya nne.

Sasa tufike kwenye kinu. Majani ya muhogo yana kitu kiitwacho linamarini, na jani hilohilo lina kimeng'enya cha kuivunja, ila viwili hivyo vimetengwa ndani ya jani lililo zima. Mchi unapoponda jani, vinakutana. Linamarini huvunjika, na mwishoni hutoka sianidi, ambayo ni sumu, lakini huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, kwa hiyo huruka hewani kwa urahisi. Maana yake ni kwamba kutwanga si kazi ya kulainisha tu: kunatoa sumu kabla ya moto kuwashwa. Majani machanga tunayoyapenda kwa ulaini wake ndiyo yenye linamarini nyingi kuliko yaliyokomaa, na kwa hiyo ndiyo yasiyotaka haraka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mama mkwe wangu, ambaye huchovya majani mazima katika maji ya moto kwanza ili yalegee, kisha ndiyo ayatwange. Ni kweli kwamba kazi ya mkono hupungua, lakini maji ya moto huua kile kimeng'enya kabla hakijakutana na linamarini, na sehemu ya sumu hubaki imefungwa kama ilivyokuwa. Kinachomwokoa ni kwamba humwaga maji yale ya kwanza, na linamarini huyeyuka katika maji, hivyo sehemu kubwa huenda nayo. Anayefuata njia yake basi asisahau kumwaga. Anayefuata yangu atwange majani yakiwa mabichi.

Tia kinuni konzi mbili au tatu kwa wakati mmoja, pamoja na punje chache za kitunguu saumu. Mwanzoni mchi utalia mkavu na majani yataruka nje; baada ya dakika chache mlio utabadilika, utakuwa mzito na wenye unyevu, na majani yatashikamana na ukuta wa kinu. Yarudishe katikati kwa mkono na uendelee. Ili kujua kama yametosha, chukua kidogo, kisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: ukiona rangi tu bila vipande vya jani, acha. Kilo moja huchukua nusu saa hivi kwa mtu mmoja, na pungufu ya hapo wakiwa wawili wanaopokezana. Sombe iliyotwangwa iache katika sahani pana, bila kufunikwa, kwa dakika 20 au 30, ili kile kilichoanzia kinuni kiendelee.

Wanaouza sombe iliyokwisha kusagwa kwa mashine wamewarahisishia maisha wengi, na sitawalaumu wote kwa kosa la mmoja. Hata hivyo niliwahi kununua ya mashine siku ya wageni, nikaipika kwa uangalifu wote, na kijiko cha kwanza mezani kikalia mchanga kwenye meno ya kila mtu. Majani yalikuwa yamesagwa bila kuoshwa, pamoja na vikonyo vyake. Tangu siku hiyo hupeleka majani yangu mwenyewe, yameoshwa na kuchambuliwa, kisha hulipia kusagiwa tu. Mashine ya mkono ya kusagia nyama pia hufaa, mradi upitishe majani mara mbili.

Weka sombe katika chungu kikubwa na umimine maji yaifunike na kuzidi kwa vidole vinne, yapata lita 2. Washa mbabula (jiko la makaa) yenye makala, yaani makaa, ya kutosha, kwa sababu safari ni ndefu, na usifunike chungu kwa dakika 30 za kwanza. Kifuniko hurudisha chini mvuke ule uliotaka kutoka. Fungua dirisha au pikia uani, na usiinamie chungu wakati kinapoanza kuchemka. Utaona povu la kijani likipanda, na harufu kali ya majani mabichi. Koroga ili povu lisimwagike. Usitie chumvi, mafuta wala karanga katika hatua hii.

Jambo moja linalowasumbua wanaofuata maelekezo yaliyoandikwa pwani ni muda. Bukavu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama Goma, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Chungu kinachemka kwa fujo lakini joto lake ni dogo kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo saa moja ya kule huku haitoshi. Hesabu saa moja na nusu kabla ya kutia kiungo chochote, na maji yakipungua ongeza ya moto, kwa kuwa ya baridi hukatisha mchemko. Wako wanaofupisha safari kwa kijiko cha magadi au bikaboneti. Sombe hulainika kweli na kubaki na kijani cha kupendeza, lakini vitamini C huharibika zaidi na ladha ya sabuni hubaki nyuma ya ulimi, mimi situmii. Sombe iliyoiva bila magadi huacha kijani chake cha mwanzo na kuwa na rangi ya zeituni, na harufu kali huwa imekwisha.

Hapo ndipo viungo vinapoingia: vitunguu 2, puaro 1 (liki) iliyokatwa nyembamba, pilipili hoho 1 na biringanya 2 zilizomenywa. Vyote vichemke pamoja nusu saa, hadi biringanya ipondeke yenyewe ukiigusa kwa mwiko. Kisha koroga gramu 150 za karanga zilizosagwa katika maji ya uvuguvugu, umimine polepole, na upunguze makala. Kuanzia sasa usiondoke karibu na chungu, kwa maana karanga hutua chini na kuungua kimyakimya, na harufu ya kuungua huenea katika chungu chote bila dawa.

Samaki nao wana historia yao. Sambaza wa ziwa Kivu si wenyeji wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, na leo ni vigumu kuifikiria sombe ya huku bila wao. Chukua gramu 100 za sambaza waliokauka, waoshe kwa maji ya moto ili mchanga utoke, na uwatie baada ya karanga. Ndagala (dagaa) wanaotoka upande wa Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, wanafaa vilevile, ila wana chumvi zaidi.

Mawese ni ya mwisho: desilita 1, dakika 15 kabla ya kuepua. Usiyachome kwanza hadi yawe meupe kama wafanyavyo wengine, kwa kuwa rangi ile nyekundu ndiyo inayoupa mwili vitamini A, na moto mkali huiharibu. Onja ndipo utie chumvi. Sombe imekuwa tayari mafuta yanapojitokeza ukingoni mwa chungu, na ukiweka kijiko kimoja kwenye sahani maji hayachuruziki pembeni. Ile inayochuruzika irudishe motoni bila kifuniko.

Sombe huliwa na bugali wa muhogo, wali au ndizi, na karibu kila mtu atakuambia kwamba ya kulala ni tamu kuliko ya siku ileile, jambo ambalo nakubaliana nalo kabisa. Lakini yenye karanga huchacha upesi, hasa umeme ukikatika na friji ikapoa usiku. Unapopika ya siku mbili, gawanya chungu kabla ya kutia karanga: sehemu ya kesho ipoze, iweke mahali pa baridi ikiwa na maji yake kidogo, na kesho uichemshe vizuri ndipo uitie karanga, sambaza na mawese kana kwamba unaanza upya.