Wageni wa teknolojia nyumbani Kisumu: waya kwanza, mapazia baadaye

Shangazi yangu wa Milimani aliamua kukodisha vyumba viwili vya nyuma kwa vijana wanaounda programu. Nilipofika kumsaidia, alikuwa tayari ameshanunua mapazia. Nikamwambia, "Shangazi, hawa hawaji kulala." Hakufurahi, lakini alinipa ngazi.

Wazo lenyewe si geni. Google Fiber, huduma ya intaneti ya kasi ya kampuni ya Google, ilipoanza Kansas City, Marekani, mwaka 2012, kuna wenyeji waliowafungulia waanzilishi wa kampuni changa nyumba zao ili watumie kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabiti 1,000. Shangazi ana megabiti 200, na zinatosha kabisa zikifika mezani.

Hatua ya 1: Ruhusa. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba. Kuhusu leseni, uliza kaunti.

Hatua ya 2: Faiba, yaani intaneti inayokuja kwa uzi wa kioo. Mwambie fundi aweke kisanduku chake karibu na vyumba vya kazi. Akiachiwa, atakiweka nyuma ya runinga.

Hatua ya 3: Vuta waya hadi kila meza. Hapa nilipoteza siku mbili, kwa hivyo nivumilieni.

Kando ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, wai-fai ilisoma megabiti 190. Mezani, kwa waya, 94. Nikazima, nikawasha: 94. Nikabadilisha laptopu: 94. Nikawapigia watoa huduma na kuwafokea; wakasema laini yao ni safi, na kumbe walisema kweli. Usiku wa pili ndipo nilipogutuka. Msongamano hupandisha na kushusha namba. Hii yangu haikusogea hata kidogo. Kulikuwa na kitu kimeiziba.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani, na gigabiti inazitaka zote. Mmoja tu usipogusa vizuri, vifaa vyako vinaweza kushuka kimyakimya hadi megabiti 100, na kwenye kipimo unaona 94 hivi. Kwangu, waya wa kahawia haukuwa umefika mwisho wa kichwa, ile plagi ya kuchomeka. Nikakata, nikabana kichwa kipya: 190.

Basi angalia haya. Nunua kebo ya mtandao ya daraja la Cat6, ya shaba tupu. Ukikwaruza waya kwa kisu ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie muuzaji. Hesabu nyaya kwenye kichwa, kwani kebo nyingine fupi zinazokuja na vifaa vya bei nafuu zina nne tu. Soma pia maandishi ya ruta: kuna zenye matundu ya megabiti 100, na hizo hata ubane vichwa mpaka kesho hazitapanda. Usipitishe kebo bomba moja na nyaya za stima. Pima saa mbili usiku, mtaa mzima ukitazama mpira, na upime kasi ya kupakia pia, maana hawa hutuma faili kubwa.

Vile vikuza-wai-fai vya kuchomeka ukutani mimi sivitaki. Vingi hugawa kasi nusu, halafu lawama unabeba wewe.

Hatua ya 4: Stima. Ruta nyingi hutumia volti 12, kwa hivyo betri ndogo ya ruta inatosha. Kama kisanduku cha faiba kiko peke yake, nacho kinahitaji betri, wengi husahau. Mvua ya jioni ikija na ngurumo kutoka ziwani, chomoa. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, ila soketi inapitisha.

Hatua ya 5: Chumba. Neti ya mbu, meza pana, kiti chenye mgongo. Mteja wa California akipiga simu saa nane mchana kwao, hapa ni saa sita usiku au zaidi, kwa hivyo usimpe mgeni chumba kinachopakana na chako. Jogoo wa shangazi alihamishiwa upande wa pili wa boma baada ya kuingilia mkutano mmoja alfajiri.

Hatua ya 6: Malipo. Toza kwa wiki, upokee kwa M-Pesa kabla mgeni hajafungua begi. Wakiulizia nafasi, shangazi sasa huwatumia picha ya kipimo kilichochukuliwa mezani usiku. Ya kitanda hufuata wakiiomba, na mpaka leo ameiomba mmoja tu.