Mbio ndefu alfajiri, keki mchana: kupanga wiki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto

Wakimbiaji ninaowafundisha hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, huniletea swali hili kila mwaka, hasa mwezi wa Oktoba: "Kocha, Jumamosi nina kilomita 22 kwenye programu, na Jumamosi hiyo hiyo mtoto wangu anatimiza miaka 7. Nifanye nini?" Jibu langu halibadiliki. Siku ya mtoto haisogezwi, mbio ndizo zinazosogezwa. Hatua zifuatazo nimeziandika kwa ajili ya mzazi anayejiandaa kwa nusu marathoni (kilomita 21.1) au marathoni nzima (kilomita 42.195), ambaye nyumbani ana watoto, mashangazi, wajomba na nkambo (bibi au babu) wanaotaka kumwona anacheza nao, si anasinzia kwenye kiti cha plastiki.

Hatua ya 1. Ihesabu sikukuu kuwa zoezi

Chukua daftari lako la mazoezi, andika sikukuu kwenye siku yake kama unavyoandika mbio. Ina uzito wake. Utasimama kutwa, utabeba makreti ya soda na ndoo za maji, utakimbizana na watoto kwa kasi ya ghafla ambayo hata uwanjani huifanyi. Kwa hiyo katika wiki hiyo toa zoezi moja gumu. Kama kwa kawaida una mazoezi mawili ya kasi, Jumanne na Alhamisi, bakiza la Jumanne tu. Alhamisi kimbia dakika 40 za taratibu, au pumzika kabisa uende sokoni.

Wengi hubishana nami hapa. Wanataka kufidia: kuongeza kasi Jumanne kwa sababu Jumamosi "itapotea". Usifidie. Nguvu ya mbio ndefu hujengwa kwa miezi, na wiki moja nyepesi haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni wiki nzito inayofuatwa na siku nzima ya kusimama, na baada yake wiki nzito nyingine.

Hatua ya 2. Amua mbio ndefu zikae wapi

Hapa ndipo penye kazi hasa. Angalia urefu wa mbio zilizopangwa na saa ya sikukuu.

Kama mbio hazizidi kilomita 24 na wageni wanafika saa 9 mchana, kimbia Jumamosi hiyo hiyo alfajiri. Naipendelea njia hii kuliko zote. Maumivu ya misuli baada ya mbio ndefu huwa hayafiki kileleni siku ile ile. Huzidi kati ya saa 24 na 72 baadaye. Mchana utakuwa umechoka, lakini bado unatembea vizuri. Ukikimbia Ijumaa, maumivu yatakukuta katikati ya michezo, huku watoto wanakuvuta mkono.

Kama mbio ni za kilomita 28 hadi 32, yaani zile za marathoni, usijaribu kuzichanganya na sikukuu. Zihamishie wiki inayofuata, na Jumamosi ya mtoto ukimbie dakika 75 hadi 90 tu. Isipokuwa kama zimebaki wiki mbili tu kabla ya mashindano: hapo mbio za kilomita 30 ziache kabisa, kwa sababu katika muda huo mwili unatakiwa kupunguziwa mzigo.

Jumapili asubuhi je? Mimi siipendi. Utakuwa umelala usiku wa manane, umekula vya kukaanga, na familia inakusubiri kwenda kanisani. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeamka na zawadi zake mpya anataka kukuonyesha jinsi zinavyofanya kazi, na asubuhi hiyo ni yake pia.

Hatua ya 3. Maliza kazi ya jiko Alhamisi

Ijumaa jioni ni usiku wa kuamkia mbio. Ukisimama jikoni hadi saa 5 usiku, miguu itaingia barabarani ikiwa imevimba. Sombe, yaani majani ya muhogo, itwangwe na kupikwa Alhamisi. Inatulia usiku kucha, na kesho yake huwa tamu zaidi. Kutwanga hukaza mabega na mgongo wa chini, basi wagawieni vijana wa nyumbani zamu, au nunua iliyokwisha kutwangwa sokoni. Keki iagizwe. Michopo (nyama ya kuchoma) waachie wachomaji wenyewe, wana moto na mkono kuliko sisi. Ijumaa ikubakizie kupuliza maputo na kufunga karatasi za rangi, kazi za kukaa chini pamoja na watoto.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita nkambo, aliweka sheria ya nyumba yetu: "Mwanangu, asubuhi ni yako, kimbia utakavyo. Saa 8 nikuone hapa, umeoga." Tafuta mtu wa namna hiyo katika ukoo wako, ukubaliane naye mapema, wiki moja kabla. Mzee akishasema, hakuna anayeuliza mama au baba wa mtoto ameenda wapi alfajiri.

Hatua ya 4. Asubuhi yenyewe

Oktoba Lubumbashi ni joto. Mvua zinanyemelea, vumbi jekundu bado limetanda, na mchana kipimo hupita nyuzi 30. Anza mwanga unapoanza kuonekana, kabla ya saa 12. Kimbia na wenzako. Barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu inafaa saa hizo. Ile ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, waachie malori ya shaba. Wanaokaa mtaa wa Golf huzunguka upande wa ziwa la Tshombe, na hapo ni rahisi kukatisha mbio ukipigiwa simu kwamba keki imefika kabla ya wakati.

Kasi iwe ya kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuhema, punguza. Siku nyingine ningekuruhusu kuharakisha kilomita 5 za mwisho. Leo hapana, maana nguvu hiyo ina mwenyewe, naye bado amelala na nguo mpya kando ya kitanda. Mbio zikipita dakika 90, beba chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Ndizi kubwa moja ina karibu gramu 30.

Jipime uzito kabla ya kutoka na ukirudi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji iliyotoka kwa jasho.

Hatua ya 5. Kula kabla ya wageni

Mkimbiaji mwenye njaa akiwekwa karibu na meza ya sikukuu atakula mikate ya kukaanga tangu saa 4 hadi jioni, na tumbo litamsumbua siku mbili. Ndani ya saa moja baada ya kurudi kula chakula kamili: bukari (ugali), mayai 3 au samaki, na mboga. Unga wa mahindi wa gramu 100 una wanga wa gramu 75 hivi, na mayai 3 yana protini ya karibu gramu 19. Kwa mtu wa kilo 60 huo ni mwanzo mzuri wa kujaza tena misuli na ini.

Maji: kwa kila kilo uliyopoteza kunywa lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo, mpaka wageni wafike. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nao unafaa, una maji na wanga pamoja, ilimradi uwe mchanga, haujachacha sana. Kisha lala. Dakika 30 za usingizi saa 5 mchana, mlango umefungwa, zina faida kuliko kunyoosha misuli kwa namna yoyote ile.

Hatua ya 6. Michezo: chagua nafasi yako kabla hujachaguliwa

Watoto watakuita. "Mama, uko timu yetu!" Ukiwa na kilomita 22 miguuni, hatari kubwa ni mbio fupi za ghafla na kuruka: msuli wa nyuma ya paja na kano ya kisigino zimechoka, na hukatika kwa kuvutwa ghafla. Mbio za magunia, nzango (mchezo wa wasichana wa kuruka na kupiga makofi), kukimbizana: yote yana hatari hiyo. Nzango hasa, kwa sababu unaruka, unapiga makofi, unatupa mguu mbele, na wasichana wa miaka 10 hawachoki. Ingia mwanzoni kwa kupiga makofi na kuimba, waachie wao kuruka.

Ila usikae pembeni. Mzazi anayekimbia kila alfajiri kisha anakataa kukimbia na mwanawe siku ya kuzaliwa anamfundisha mtoto kwamba mbio ni kitu cha kumchukua mama, si cha kuleta furaha. Kwa hiyo nimetengeneza mchezo ambao mkimbiaji aliyechoka anaweza kuucheza kwa moyo wote. Tunauita mbio za mwiko.

Gawa watu wote katika timu mbili, kila moja ikiwa na wadogo, wakubwa na angalau mzee mmoja. Kijiti cha kupokezana ni mwiko wa bukari. Pima njia ya mita 30 hivi kwenye udongo au majani, na mwisho wake mketishe nkambo kwenye kiti. Mtoto anakimbia hadi kwa nkambo, anauinamisha mwiko mbele yake kwa mikono miwili kama anayemwandalia mkubwa chakula, anamsalimia kwa kutaja jina kamili la nkambo, kisha anarudi. Asiyesalimia vizuri anarudishwa. Wadogo wanapenda hapo kuliko pote, kwa sababu wale wenye mbio ndio wanaosahau salamu. Utaona kijana wa miaka 15 amekwisha kugeuka, nkambo amenyoosha kidole, na wa miaka 5 anampita huku ameukumbatia mwiko kifuani. Wakubwa wote, nawe ukiwemo, wanakwenda kwa kutembea haraka, mguu mmoja ukigusa chini wakati wote. Mzunguko wa mwisho ni wa mwenye siku yake: anakimbia na mzazi wake, wameshikana mkono, na kasi anaiweka mtoto.

Halafu yaja maji. Kwetu mwenye siku ya kuzaliwa humwagiwa maji, na watoto wakianza hawachagui. Mambo matatu tu. Mmwagie kwenye udongo au majani, kamwe si kwenye saruji, kwa sababu saruji iliyolowa huangusha watu. Tenga ndoo za mchezo mapema, zisitoke kwenye akiba ya kupikia, maana siku mabomba yakikauka utajuta. Na weka nguo kavu zako na za mtoto karibu na mlango. Usikae na nguo mbichi jioni inapopoa, misuli iliyochoka hukakamaa.

Hatua ya 7. Jioni

Bia nyingi huvuruga usingizi na hupunguza kasi ya misuli kujijenga upya. Kama unakunywa, chupa moja pamoja na chakula, kisha maji. Wajomba watakusihi. Waambie una mtoto wa kulaza.

Hatua ya 8. Jumapili na Jumatatu

Jumapili ni kutembea, dakika 30, na mtoto akipenda mchukue na baiskeli au mpira wake mpya. Jumatatu asubuhi shuka ngazi, au kama huna ngazi shuka kizingiti mara kadhaa, ukisikiliza mapaja. Maumivu ya pande zote mbili, yanayotawanyika na kupungua ukishapata joto, ni ya kawaida: kimbia dakika 30 za taratibu. Maumivu ya sehemu moja, unayoweza kuionyesha kwa kidole, hasa juu ya kisigino au nyuma ya paja, yanataka mapumziko, na yasipopungua baada ya siku chache nenda kwa daktari. Zoezi la kasi linarudi Alhamisi, si Jumanne.